Nilisema Kulia

Jumamosi, 5 Julai

Leo nimepewa mkia. Mimi, Restuta, niliyemaliza wa kwanza kwa wanawake miaka miwili mfululizo, nimepewa mkia mbele ya watu wote. Aliyenipa ni Castory, mdogo wangu wa tumbo moja, ambaye mwaka huu ni mwenyekiti wa klabu yetu ya baiskeli ya Vumbini na hatuachi tusahau.

"Dada, mfupa wako wa mtulinga, hapo begani, haujaunga vizuri," amesema. "Daktari kakukataza kukimbiza. Kaa nyuma, uhakikishe hakuna anayepotea."

Mkia ndiyo kazi hiyo. Unakuwa baiskeli ya mwisho, unakula vumbi la kila mtu, unaziba pancha za wageni na kuwangoja waliokata pumzi, huku wenzako wamekwisha fika na wanakunywa soda. Tulianzia Makutupora, tukapita kwenye vijia vya mashamba ya zabibu, tukashuka korongoni, tukarudi. Ndiyo njia ya Mbio za Mavuno, Septemba 27, wavunaji wakimaliza kazi.

Wageni wako wawili. Mama Zipora ni matroni mstaafu wa Buigiri, na baiskeli yake ina kikapu mbele. Lameck ni dereva bodaboda wa Bahi. Amekuja na baiskeli nyeusi ya chuma aliyoachiwa na baba mkwe, na kichwani kofia ya pikipiki iliyofunika mpaka kidevu. Castory akamuuliza abiria wake yuko wapi. Watu wakacheka. Lameck naye akacheka, akasema abiria ni huyu dada anayekuja nyuma.

Sijafurahi hata kidogo.

Jumamosi, 12 Julai

Upepo. Mkia. Mama Zipora anasimama kila nyumba kusalimia, na hakuna nyumba ambayo hawana habari ndefu.

Jumamosi, 19 Julai

Upepo bado, baridi imeingia mpaka masikioni. Walio mbele walituacha mapema, kwa hiyo nimepiga soga na Lameck kwa kuwa sikuwa na la kufanya.

Ana tabia moja inayonichekesha. Kila kona ananyoosha mkono kuonyesha anakokwenda, hata pale ambapo nyuma yake nipo mimi tu na mbele kuna mbuzi. Nimemwambia mbuzi wa Makutupora hawajui alama za barabarani. Amesema mbuzi hawajui, lakini yeye mkono ukishazoea haumuulizi.

Nimemuuliza kilichomleta.

"Dada, kutwa nzima nimekaa juu ya pikipiki. Abiria akisema kulia, kulia. Akisema kushoto, kushoto. Jioni nashuka, miguu imekufa ganzi kama si yangu. Siku moja nikawaona nyie mnapita, mmejaa vumbi, mnacheka. Nikasema na mimi nataka kwenda mahali ambapo hakuna aliyenituma."

Anataka kushiriki mbio. Mke wake, Anna, amekubali kwa sharti moja, arudi nyumbani na miguu yote miwili, maana hiyo miguu ndiyo inayowalisha yeye na watoto. Lameck amelisema hilo akicheka, lakini nimeona si utani.

Tulipofika korongoni alishuka, akawa anasukuma baiskeli. Hapo kijia ni chembamba, kinateremka ghafla, na chini kuna mchanga unaomeza tairi. Kwetu anayesukuma huambiwa anatembeza mbuzi. Leo sikumwambia, sijui kwa nini.

Jumamosi, 26 Julai

Miiba. Pancha, pancha, pancha. Nanuka gundi.

Jumamosi, 2 Agosti

Leo wameumia watu wawili, na mimi simo.

Castory na wale wenye mbio zao walikuwa wanazunguka mara ya pili, wakatukuta sisi wa nyuma pale korongoni. Leo Lameck alikuwa amejipa moyo, ameamua kuteremka akiwa amekaa. Nilikuwa nyuma yake nikimwambia polepole, breki ya nyuma kwanza, polepole. Alikuwa anaweza! Mara nikasikia sauti ya mdogo wangu inakuja kwa kasi, akapita ubavuni kwangu huku anapiga kelele.

"Kulia! Kulia!"

Ndivyo tunavyopigiana kelele siku zote klabuni. Anayepita anataja upande anaopitia, na aliye mbele anabaki upande wake. Lameck akanyoosha mkono wa kulia, vizuri kabisa, kisha akakata kulia. Akajiweka mbele ya Castory kama lango.

Sijui nani alianza kuanguka. Niliona baiskeli ya Castory hewani, nikasikia chuma, kisha kimya, halafu mdogo wangu anamwita mama yetu ambaye alifariki zamani. Kifundo cha mkono kilikuwa kimepinda vibaya. Lameck alikuwa amekaa mchangani, goti limechanika, damu imejaa kwenye soksi. Kofia yake ya pikipiki, ile tuliyoicheka, ilikuwa na mchubuko mrefu pale ambapo kingechubuka kichwa.

Castory alipopata pumzi ya kusema, alianza na matusi. Kisha akasema, "Nilisema kulia! Mara mbili! Hivi huyu mtu hajui kulia wala kushoto?"

Watu walikuwa wameshakusanyika. Wengine wakacheka, kicheko cha woga kile, lakini ni kicheko.

"Lakini nimekwenda kulia, kaka," Lameck alisema.

Wakacheka zaidi. Mama Zipora hakucheka. Alikuwa amepiga magoti anaosha lile goti kwa maji yake ya kunywa, akamwambia Castory bila kugeuka, "Kijana, nimeuguza watoto maisha yangu yote. Mtoto akianguka hatumuulizi kwanza kosa ni la nani."

Castory tukampakia kwenye gari kwenda hospitali. Lameck alikataa. Alifunga goti kwa kitambaa, akaondoka anasukuma baiskeli yake. Pale njia ya shamba inapokutana na barabara alinyoosha mkono kuonyesha anaingia kulia. Roho iliniuma sana.

Jumapili, 3 Agosti

Castory amefungwa plasta ngumu, P.O.P., kutoka vidoleni mpaka karibu na kiwiko, na amehamia kwangu kwa sababu hawezi hata kufunga zipu. Kwenye kundi la klabu mtu ameweka picha ya ng'ombe amesimama njia panda, ameandika "kulia ni wapi?" Watu wameweka vikaragosi vya kucheka. Castory ametuma pendekezo kwa mkono mmoja: wageni wasiruhusiwe Mbio za Mavuno, washiriki waliotimiza mwaka klabuni tu. Kikao ni tarehe 30.

Nimemwambia hiyo siyo klabu, ni kikao cha ukoo. Amesema niangalie mkono wake kisha niseme tena.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Nimekwenda viwanja vya Nzuguni kuangalia mifugo. Nimeona kofia kama ile ya Lameck, nikakimbia kumsalimia mtu nisiyemjua.

Jumamosi, 9 Agosti

Lameck hakuja. Mama Zipora amekuja, na kila nyumba tuliposimama walimuuliza yule kijana wa kofia kubwa yuko wapi. Kumbe walikuwa wanamsubiri na yeye. Mimi nilidhani tunapoteza muda tu.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimempigia Lameck. Amepokea Anna, mke wake.

"Goti limepona, dada. Kazini ameshaanza," amesema. "Kinachomuuma ni lile neno. Huyu mtu amepeleka wajawazito hospitali usiku wa mvua, njia haionekani, na wamefika. Hapa Bahi mgeni akipotea anaambiwa mtafute Lameck. Leo aende kuambiwa mbele za watu hajui kulia wala kushoto? Eti kwa sababu ni Mgogo wa Bahi na baiskeli yake nyeusi?"

Nikasema tutakuja kumwona.

"Njooni, nyumba ni yenu. Lakini kwenye mbio zenu simrudishi. Sijui mnawaka moto hivyo kwa ajili ya nini."

Nampenda sana mdogo wangu. Ninamkatia nyama, ninamfunga kamba za viatu kama alipokuwa chekechea. Lakini leo nimemwekea ugali bila mboga. Aliponiuliza nimemwambia mboga iko kulia. Hakucheka.

Jumapili, 24 Agosti

Nimechoka, na hata baada ya kuoga bado nina matope masikioni, lakini hii lazima niiandike yote.

Castory alikubali kwenda Bahi baada ya mimi kukataa kumfulia mashati. Njiani ndani ya basi alikuwa amenuna. Lameck alitupokea stendi kwa heshima zote, akauliza hali ya mkono kabla sisi hatujauliza goti. Castory akasema, "Pole kwa goti," akiangalia duka la jirani. Hapo nilitamani kumrudisha kwenye basi.

Nyumbani kwa Lameck ni mbali kidogo, kando ya majaruba ya mpunga. Akasema ataita pikipiki nyingine, Castory akasema hakuna haja. Basi mimi, mkia wa klabu, mlinzi wa usalama, nikapanda mishikaki, Castory katikati na P.O.P. yake ameikumbatia, mimi nyuma yake nimeshika chuma. Lameck aliendesha taratibu sana. Mwaka huu mvua zilikuwa nzuri, mfereji ulio kando ya njia bado una maji ya kifundoni.

Mbele, ng'ombe mmoja alikuwa anapanda ukingo wa mfereji, upande wa kulia, anataka kuvuka njia. Castory akamwona.

"Kulia!" akapiga kelele. "Kulia, kulia!"

Lameck akawasha indiketa. Naapa, aliwasha indiketa. Kisha akakata kulia, tukateremka ukingo polepole kama watu wenye shughuli huko, tukaingia mferejini. Pikipiki ikazama gurudumu la mbele, ikazimika, ikalala ubavu, nasi tukalala nayo. Ng'ombe alisimama juu yetu, anatuangalia.

Hakuna aliyeumia. Castory ndiye aliyeanza.

"We bwana! Kwa nini umekata kona?"

"Si umesema kulia?"

"Nilisema kulia kuna ng'ombe!"

"Ng'ombe hukumtaja, kaka. Umesema kulia. Nikadhani unataka kujisaidia."

"Sasa hata kama..."

"Abiria akisema kulia, nakwenda kulia. Siulizi. Nikianza kuuliza tumeshapita njia."

Castory aliangalia P.O.P. yake, ilikuwa imeanza kulainika na kumomonyoka kwenye maji. Niliona jambo linavyomwingia taratibu, na nadhani mimi pia liliniingia wakati huohuo.

"Siku ile korongoni," akasema.

"Siku ile pia ulisema kulia. Mara mbili."

"Nilimaanisha mimi ndiye ninayepita kulia."

Lameck alimtazama kwa mshangao wa kweli, matope yanamchuruzika kwenye nyusi. "Sasa kaka, kama ni wewe unayepita, kwa nini uniambie mimi?"

Mdogo wangu, bado amekaa majini, akamshika Lameck mkono kwa ule mkono wake mzima.

"Nisamehe," alisema. "Nilikutukana mbele za watu, na wewe ulikuwa umefanya nilichokuambia. Nitasema mbele ya watu walewale."

"Yameisha, kaka. Tuinue pikipiki kwanza."

Anna alitusikia tunakuja kwa miguu, akatoka na mwiko mkononi. "Mbukwenyi," akatusalimu kwa Kigogo, kisha akatuona vizuri, akacheka mpaka akakaa kwenye kinu. Ametupa maji ya kuoga na nguo za Lameck. Castory amevaa suruali iliyomfikia chini kidogo ya magoti. Tumekula ugali wa uwele, mlenda na kambare, na sisi wenyewe ndio tuliokuwa mazungumzo ya mezani.

Nilimuuliza Lameck, abiria akitaka uendelee hivyohivyo, usikate popote, anasemaje?

"Nyoosha," akajibu. "Akisema nyoosha, mimi ni mbele tu, hata nikisikia nini nyuma."

Castory alirudia neno hilo taratibu, huku anachomoa mwiba wa kambare. Nyoosha. Anayepita aseme nyoosha, na aliye mbele asibadilishe chochote. Kupita ni shughuli ya yule wa nyuma.

Anna alikuwa anasikiliza tu. Alipoanza kukusanya vyombo akasema, "Maneno mazuri. Na pale korongoni atasimama nani?" Hatujawahi kumweka mtu pale. "Basi nitasimama mimi," akasema. "Nikiona hapafai, namtoa mume wangu humohumo njiani, na mbio zenu mtaendelea nazo."

Jumatatu, 25 Agosti

Daktari amefunga P.O.P. mpya. Ameuliza ile ya kwanza imepatwa na nini. Castory amesema alikata kulia.

Jumamosi, 30 Agosti

Kikao. Castory amesimama, amesimulia mfereji wote, hata suruali. Ameomba radhi mbele ya watu na kufuta pendekezo lake, akatoa jingine. Aliyeweka ile picha ya ng'ombe ameifuta mwenyewe. Wawili watatu wamenung'unika kwamba tukiwaanzisha wageni peke yao, tukamweka mtu korongoni na kuwaruhusu kusukuma baiskeli bila kuzomewa, hizo si mbio tena, ni harusi. Mama Zipora amewauliza harusi ina ubaya gani. Limepita.

Sasa limebaki sharti la Anna, pale korongoni.

Jumamosi, 6 Septemba

Lameck amerudi! Kofia ileile, na mchubuko wake. Amepigiwa makofi mpaka akaona haya, akajifanya anakagua cheni.

Jumamosi, 13 Septemba

Zabibu zimeiva, mashambani watu wamejaa kuvuna, na joto limeanza kurudi. Tunafanya mazoezi ya kupitana kwenye vijia vya shamba, na kutwa nzima ni nyoosha, nyoosha. Castory anatusimamia kwa miguu, mkono shingoni. Mara akasahau, akapiga kelele "Kulia!" Safu nzima ya wanawake waliokuwa wanakata zabibu ikaangua kilio, "Uwii, jamani, baba we!" wamejishika vichwa kama msibani. Tangu hapo akifungua mdomo tu wanaanza kufuta machozi.

Jumamosi, 20 Septemba

P.O.P. imetoka. Mkono umekuwa mwembamba, mweupe kidogo, nimeusikitikia. Daktari amesema baiskeli anaweza, mbio hapana. Mimi mtulinga wangu umeruhusiwa, naweza kukimbiza. Nilitegemea angenuna. Amesema, "Dada, niachie mkia."

Nimejifanya natafuta pampu, asinione uso.

Jumamosi, 27 Septemba

Anna alifika kabla yetu. Alisimama korongoni, pale pale ilipomwagika damu ya mume wake, ameshika kanga nyekundu. Tukikuta kanga imeinuliwa, tunapunguza. Tukikuta imeshuka, tunateremka. Hakuna aliyebishana naye, hata wale wa harusi.

Sisi wenye mbio tulianza kwanza, wageni wakafuata baada ya vumbi kutulia. Sitaandika habari ya mwendo wangu, nitaonekana najisifu. Nitaandika mahali pamoja tu. Mzunguko wa pili niliwakuta wageni kabla kidogo ya korongo, na aliyekuwa mbele yangu nilipoanza kuteremka alikuwa Lameck. Kanga ilikuwa chini. Anna alikuwa ananitazama mimi, siyo mumewe. Nilikuwa na kasi, na neno la zamani lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikalimeza.

"Nyoosha!"

Lameck hakutikisika. Hakugeuza shingo, hakunyoosha mkono. Alishika kijia chake kama reli, akateremka nacho mpaka mchangani, nami nikapita ubavuni kwake nikasikia pumzi yake. Nyuma yangu nilimsikia Anna akipiga vigelegele, vikanifuata mpaka ng'ambo ya korongo.

Nimekuwa wa pili. Haidhuru. Inaniuma kidogo.

Lameck alimaliza katikati ya wageni, na miguu yake yote miwili. Anna alipofika kutoka korongoni aliipapasa moja baada ya nyingine mbele ya watu, kisha akamwambia mumewe mwaka kesho anataka baiskeli ya pili nyumbani.

Miaka yote iliyopita, wa kwanza kumi wakishafika, tulikuwa tunakunja utepe na kwenda kula. Waliofika nyuma walikuta vumbi na maganda ya ndizi. Leo Lameck aliushika utepe akakataa kuukunja. Watu wakabaki, hata wavunaji na ndoo zao. Tukangoja sana, kwa sababu Mama Zipora leo alikuwa na nyumba nyingi za kuaga.

Mwishowe wakatokea kwenye kona ya shamba. Mama Zipora mbele, kikapu kimejaa zabibu za kupewa, anapunga mkono. Nyuma yake bingwa wetu, mwenyekiti, mwekundu kwa vumbi kuanzia kope mpaka viatu, anaendesha mwendo wa mtu anayesindikiza bibi kanisani. Alipoinua macho akakuta umati wote umesimama, unapiga ndoo, unaita jina la Mama Zipora na lake. Wa kwanza amefika mara nyingi, lakini sidhani kama amewahi kungojwa.

Alivuka utepe, akashuka, akainamia usukani. Mabega yakaanza kutikisika. Nikamkimbilia nikidhani ni mkono.

"Castory, nini? Unaumwa?"

"Vumbi, dada," akasema, na machozi yanachora michirizi usoni.

Lameck akaja akamzungushia mkono begani, akamwangalia kwa makini, kisha akatugeukia sisi wote.

"Mwacheni kaka yangu," akasema. "Hii kulia leo nimeielewa."